Bembea zinapofungwa: mgeni wa London afanyeje?

Kila zinapokaribia likizo za shule, familia nyingi za London, zikiwemo za Waafrika Mashariki waliohamia huko, huanza kupanga safari ya kwenda katika bustani za michezo zilizo pembezoni mwa jiji hilo. Watoto huhesabu siku. Lakini si jambo la nadra kwa mtoto kufika mbele ya bembea aliyoiwazia kwa mwezi mzima na kukuta mlango umefungwa kamba, na kibao kinachotangaza kwamba chombo hicho hakifanyi kazi leo.

Kwa mzazi hilo si jambo dogo. Safari ya siku moja kwa watu wanne au watano, ukijumlisha tiketi, nauli na chakula, huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa wiki. Wapo wanaoimudu mara moja tu kwa mwaka, na wapo wageni waliotoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat ambao huenda wasirudi tena. Ndiyo maana inafaa kueleza kwa nini bembea hizi hufungwa, na nini kinaweza kufanywa kabla ya kutoka nyumbani ili siku isiharibike.

Bustani tatu na treni moja

Bustani iliyo ndani ya mipaka ya London yenyewe ni Chessington World of Adventures, katika wilaya ya Kingston, kusini-magharibi mwa jiji. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1931, na mwaka 1987 ikaongezewa bembea na kuwa bustani kamili ya michezo. Thorpe Park, inayopendwa zaidi na vijana, iko karibu na mji wa Chertsey katika jimbo la Surrey, kwenye mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto yaliyojaa maji. Ilifunguliwa mwaka 1979. Ya tatu ni Legoland, karibu na Windsor, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kulenga watoto wadogo. Kwa asiye na gari, treni kutoka kituo cha Waterloo huweza kumfikisha karibu na bustani yoyote kati ya hizo, ingawa kwa Thorpe Park na Legoland kipande cha mwisho huhitaji basi.

Vivutio vikubwa katika bustani hizi ni zile reli za chuma zinazopanda, kuteremka na kupinduka kwa kasi, ambazo Waingereza huziita rola kosta. Colossus ya Thorpe Park, iliyoanza mwaka 2002, humpindua abiria kichwa chini miguu juu mara 10 katika safari moja. Jirani yake, Stealth ya mwaka 2006, hufikia kasi ya karibu kilomita 130 kwa saa katika muda usiozidi sana sekunde 2. Mitambo ya namna hii haiwezi kuendeshwa kama pembea ya kamba chini ya mwembe.

Kwa nini hufungwa

Sababu ya kwanza ni matengenezo ya kila mwaka. Thorpe Park hufunga milango yake katika miezi ya baridi na kufungua tena majira ya kuchipua. Katika kipindi hicho magari ya rola kosta hufunguliwa vipande vipande. Magurudumu hubadilishwa, breki hukaguliwa, na vyuma hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa unga wa sumaku ili kugundua nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Katika Uingereza kila chombo cha namna hii hutarajiwa kukaguliwa na mkaguzi asiyekuwa mfanyakazi wa bustani, angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Zaidi ya hapo, mafundi hukipima kila siku asubuhi kabla ya milango kufunguliwa. Iwapo kipuri kimechelewa au ukaguzi umeonyesha dosari, bustani itafunguliwa lakini chombo hicho kitabaki kimefungwa.

Sababu ya pili ndiyo inayowaudhi wengi zaidi, nayo ni ile ya kusimama ghafla katikati ya siku. Reli ya rola kosta imegawanywa katika sehemu, na kompyuta hairuhusu gari liingie katika sehemu ambayo gari jingine halijatoka. Vitambuzi vilivyowekwa kando ya reli huarifu kila gari lilipo. Kitambuzi kimoja kikitoa taarifa isiyoeleweka, hata kama ni kwa sababu ya unyevu tu, kompyuta husimamisha kila kitu na kungoja fundi aje athibitishe kwa macho yake. Abiria aliye kwenye foleni huona chombo kibovu, ilhali mara nyingi anachokiona ni ulinzi unaofanya kazi yake sawasawa.

Kisha upo upepo. Mitambo mirefu husimamishwa upepo unapozidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, na radi ikisikika karibu hali ni hiyo hiyo. Mgeni aliyezoea kulijua jua la pwani hushangaa kuambiwa kwamba siku kavu na yenye mwanga haifai, lakini yaliyoko juu ya mnara wa mita 60 si yale yaliyoko chini.

Hata upya wa chombo si dhamana. Mwezi Mei 2024 Thorpe Park ilifungua Hyperia, rola kosta yenye urefu wa takriban mita 72, ndefu na yenye kasi kuliko zote nchini Uingereza. Ilikuwa imetangazwa kwa miezi mingi, na watu walisafiri kutoka mbali. Mara tu baada ya kufunguliwa ikafungwa tena, na waliokwisha kununua tiketi kwa ajili yake wakajikuta wakizunguka chini ya reli tupu. Wapenzi wa michezo hii husema kwa utani kwamba msimu wa kwanza wa chombo kipya ni wa wenye subira. Ni utani wenye busara ndani yake.

Gharama ya kutofunga

London ina kumbukumbu yake chungu katika jambo hili. Katika Battersea Park, kando ya mto Thames, palikuwa na uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 1951 wakati wa Tamasha la Uingereza. Kivutio chake kikuu kilikuwa rola kosta ya mbao iliyoitwa Big Dipper. Tarehe 30 Mei 1972, gari lililokuwa likivutwa kupanda kilima lilichomoka na kurudi nyuma, na kifaa kilichopaswa kulizuia hakikulizuia. Watoto watano walipoteza maisha. Uwanja huo ulifungwa moja kwa moja mwaka 1974, na leo anayepita hapo hukuta miti na njia za kutembea.

Tukio la karibuni zaidi lilitokea nje ya London, katika bustani ya Alton Towers jimboni Staffordshire, tarehe 2 Juni 2015. Rola kosta iitwayo Smiler ilikuwa imesimamishwa na kompyuta kwa sababu gari tupu la majaribio lilikuwa limekwama mbele. Mafundi hawakuliona, wakaipuuza amri ya kompyuta na kuruhusu gari lenye abiria 16 liondoke. Magari hayo yaligongana, na wanawake wawili vijana wakakatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni ya Merlin, inayoendesha bustani hiyo, faini ya pauni milioni 5.

Kampuni hiyo ndiyo pia inayoendesha Thorpe Park na Chessington. Siku chache baada ya ajali, rola kosta ya Saw huko Thorpe Park, pamoja na Dragon's Fury na Rattlesnake za Chessington, zilifungwa ili taratibu zake za usalama zipitiwe upya. Waliofika wiki ile wakiwa na tiketi mkononi bila shaka walinung'unika. Ni vigumu, hata hivyo, kuona ni uamuzi gani mwingine ungestahili.

Kuyasoma maneno ya kibao

Maneno ya tangazo nayo yana daraja zake. Kuambiwa kwamba chombo "kimechelewa kufunguliwa" humaanisha kwamba mafundi wapo kazini, na inafaa kurudi baada ya saa moja au mbili. "Hakitafunguliwa leo" ni jambo lililokwisha. Hakuna haja ya kumshikilia mtoto hapo mlangoni. Lakini "kimefungwa kwa ukarabati", bila tarehe ya kufunguliwa, ni maneno ya kutiliwa shaka.

Mfano ni Loggers Leap ya Thorpe Park, mitumbwi iliyofanana na magogo ambayo tangu mwaka 1989 iliwateremsha watu kwenye maji na kuwalowesha. Ilifungwa baada ya msimu wa 2015. Misimu ikapita, na mwaka 2019 ndipo ikathibitishwa kwamba haitarudi. Eneo lake ndilo lililokuja kuchukuliwa na Hyperia. Chessington nayo iliifunga Bubbleworks mwaka 2016, lakini huko wageni walitangaziwa mapema, waliotaka kuiaga wakapata nafasi, na mwaka uliofuata njia ile ile ya maji ikafunguliwa kwa sura mpya ya Gruffalo. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa kwa mtu anayepanga safari.

Kabla ya kutoka nyumbani

Bustani hizi huchapisha katika tovuti zao orodha ya vyombo vitakavyofungwa kwa matengenezo yaliyopangwa, na programu zao za simu huonyesha siku hiyo hiyo kipi kinafanya kazi na foleni yake ni ya dakika ngapi. Orodha hiyo isomwe kabla ya kulipa, kwa kuwa tiketi za bei nafuu hununuliwa mapema na kwa tarehe maalumu. Inafaa pia kukumbuka kwamba tiketi huuzwa kwa ajili ya kuingia bustanini, wala si kwa ajili ya kupanda bembea fulani; masharti ya mauzo huitaja haki ya bustani kufunga chombo chochote bila taarifa. Anayedai kurudishiwa fedha zote kwa sababu ya bembea moja kwa kawaida hatafanikiwa.

Hata hivyo sheria haimwachi mteja mikono mitupu. Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 inasema kwamba maelezo aliyopewa mteja na mwenye huduma, yakawa ndiyo yaliyomfanya anunue, huhesabiwa kuwa sehemu ya makubaliano yao. Kwa hiyo tangazo au barua pepe iliyoahidi kwamba chombo fulani kitakuwa wazi tarehe fulani ihifadhiwe. Na malalamiko yapelekwe siku ile ile katika ofisi ya huduma kwa wageni, kwa upole. Ofisi hizo huwa na uwezo wa kutoa pasi ya kuruka foleni au tiketi ya kurudi siku nyingine, lakini halazimiki mtu kuitoa, na Mwingereza husikiliza zaidi asipopigiwa kelele.

Kwa watoto, lililo muhimu ni kutowajengea siku nzima juu ya jina moja. Mtoto aambiwe mapema kwamba kuna vyombo vitatu au vinne vya kuchagua. Apimwe kimo nyumbani vile vile: Colossus na Stealth hazimpokei aliye chini ya mita 1.4, na machozi ya kukataliwa mlangoni hayana tofauti na ya kukuta mlango umefungwa. Chessington ina faida yake hapa, kwani bembea zikisimama wapo simba, chui milia na masokwe. Mgeni kutoka Arusha huenda asione ajabu ya simba wa Chessington, lakini mtoto aliyezaliwa Barking au Leyton atawatazama kwa saa nzima. Katika majira ya baridi bustani hiyo huwa na siku ambazo wanyama ndio hasa wanaoonyeshwa, pamoja na bembea chache.

Anayebaki katikati ya jiji naye ajihadhari na kalenda. London Eye, gurudumu la mita 135 lililoanza kupokea abiria mwaka 2000, kwa desturi husimamishwa kwa siku kadhaa mwezi Januari ili kufanyiwa matengenezo. Kengele ya Big Ben, ambayo sauti yake ilijulikana na wasikilizaji wa redio hadi vijijini Afrika Mashariki, ilinyamazishwa Agosti 2017 ili mnara wake ukarabatiwe, na haikurejea katika mlio wake wa kila siku hadi Novemba 2022. Kwa miaka kadhaa watalii walipiga picha za viunzi vya ujenzi. Visiwani Zanzibar, Beit al-Ajaib ilifungwa kwa umma kwa miaka mingi kutokana na uchakavu. Sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, watu wawili walifariki. Hapakuwa na mtalii ndani.