Clarendon, Herufi Nene Inayoijua Kazi Yake

London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa jiji la matangazo. Bahati nasibu, michezo ya kuigiza, dawa za kila namna: kila mwenye cha kuuza alitaka bango lake lisomwe na mpita njia aliye ng'ambo ya barabara. Herufi za vitabuni hazikuiweza kazi hiyo. Zilichongwa kwa ajili ya msomaji aliyeketi, na mistari yake myembamba ilipotea machoni hatua chache tu kutoka ukutani.

Karibu na mwaka 1815, Vincent Figgins, mwenye kiwanda cha kusubu herufi jijini humo, alitoa seti ya herufi kubwa aliyoiita Antique. Zilikuwa nene mwili mzima. Hata serifi, vile vijimstari vinavyofunga ncha za herufi na ambavyo kwa desturi huchongoka, Figgins alivifanya vipande vya mraba vyenye unene unaokaribia ule wa shina la herufi. Kila herufi ilisimama kama nguzo juu ya msingi wa zege. Baadaye mtindo huo uliitwa wa Kimisri, kwa kuwa tangu Napoleon alipoivamia Misri mwaka 1798 Ulaya ilishikwa na shauku ya kila kitu kutoka huko. Herufi zenyewe hazina asili yoyote Misri.

Marekani iliuongezea mtindo huo ukubwa. Herufi kubwa ya risasi ni nzito na ghali, tena uso wake huweza kubonyea inapopoa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kukata herufi za mbao kwa mashine, na mabango yakapata herufi za urefu ambao risasi isingeuruhusu.

Hadi hapo, herufi hii ilikuwa na kazi moja: kuita kwa sauti. Aliyeifundisha kazi ya pili ni Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street, London, aliyetoa Clarendon mwaka 1845, ikiwa imechongwa na Benjamin Fox. Itazame kwa makini. Serifi zake bado ni nene, lakini zinaungana na shina kwa mkunjo laini badala ya kona kali. Mistari yake ina tofauti kidogo ya unene, na herufi kama a, c na r huishia kwenye tone la duara. Ni nzito, lakini ina adabu ya kutosha kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila kuzisukuma.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kabla ya Clarendon, mchapaji aliyetaka neno moja lionekane ndani ya aya alitegemea zaidi herufi za mlazo au herufi kubwa. Besley alimpa neno lililokolezwa wino. Watunga kamusi walilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu jicho linalotafuta kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, halisomi. Linaruka kutoka neno zito hadi jingine. Msomaji anayefungua kamusi ya Kiswahili leo na kuona vidahizo vimekolezwa anafaidi njia hiyohiyo. Besley aliisajili Clarendon chini ya sheria ya Uingereza iliyolinda michoro kwa miaka mitatu. Muda ulipokwisha, viwanda vingine viliinakili bila kuchelewa. Yeye mwenyewe alifika mbali, akawa Meya wa London mwaka 1869.

Serifi nene zilisaidia pia pasipotarajiwa, kwenye mashine ya taipu. Katika mashine ya kawaida kila herufi hupewa nafasi sawa, hivyo i huachwa na uwazi pande zote mbili huku m ikibanwa. Howard Kettler, aliyechora herufi za Courier kwa ajili ya kampuni ya IBM katika miaka ya 1950, aliipa i serifi ndefu zinazojaza uwazi huo. Courier si nene, ila ni ya ukoo huo. Miswada ya filamu za Hollywood huandikwa kwa Courier hadi leo.

Mifano mingine iko barabarani na madukani. Jina Honda kwenye pikipiki na jenereta limeandikwa kwa serifi nene, na Sony vivyo hivyo. Nembo ya IBM aliyoichora Paul Rand mwaka 1956 ilitokana na City, herufi za Georg Trump za mwaka 1930. Kampuni za mitambo huzipenda herufi hizi kwa sababu zinaonekana imara hata zikibanwa kwenye chuma au plastiki.

Uzito, hata hivyo, huonekana tu ukiwa kando ya wepesi. Ukurasa mzima wa herufi nene hauiti mtu yeyote. Matundu ya a na e huzibwa na wino, hasa kwenye karatasi duni, na jicho huchoka upesi. Mahali pake ni kichwa cha habari, kibao cha duka, namba ya bei, neno moja ndani ya aya, pawe na nafasi ya kutosha pembeni. Anayebuni bango la msiba, la harusi au la mkutano wa kijiji anaweza kupakua herufi za serifi nene ziitwazo Roboto Slab bila malipo. Achague jambo moja ambalo msomaji lazima alione kwanza, alipe unene huo, na yaliyobaki ayaandike kwa herufi nyepesi.