Daftari la shule ya kata linatuambia nini?

Kila mwezi wa Januari, majina ya wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza yanapobandikwa ukutani katika shule ya kata, barazani huzuka swali lile lile: katika hawa, wetu ni wangapi? Kidole hupita juu ya orodha: Asha, Hamisi, Juma, Mwanaidi. Nasi tumeshiriki hesabu hiyo, tukasahau kwamba wako akina Juma wasio Waislamu.

Serikali haihesabu hivyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini, na takwimu za elimu za kila mwaka huwapanga wanafunzi kwa jinsia, umri, kidato na ulemavu. Hata hivyo, yaliyomo humo yanatosha kutunyima usingizi.

Shule hizi nyingi zilijengwa baada ya mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi wakibeba mawe na kuchangia fedha. Januari 2016 ada ikafutwa hadi Kidato cha Nne. Kwa nchi nzima, wasichana katika vidato hivyo sasa wamewazidi kidogo wavulana. Mlango wa kuingilia, basi, si finyu kama tulivyozoea kulalamika.

Tutazame wanaotoka. Tuchukulie darasa lililoanza na wanafunzi 40 likafika Kidato cha Nne na 28. Kwa aliye wizarani hao 12 hawaonekani; kwa kata ndogo ni watoto ambao kila mmoja wetu anazijua nyumba zao. Barazani tutasema ni mimba. Takwimu za taifa zinasema sababu kubwa ni utoro, tena kwa mbali sana.

Lakini utoro ni neno pana. Ndani yake yumo kijana aliyekimbilia bodaboda, na yumo anayetembea saa mbili kwenda shule bila chakula. Yumo binti aliyepangishiwa geto karibu na shule, akaachwa peke yake na jiko la mkaa, na yumo aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Yumo pia aliyeozwa kimya kimya.

Kwa huyo wa mwisho, masheikh hatuna pa kujificha. Tangu mwaka 2016 sheria inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Tunauliza mahari, tunauliza walii, tunawauliza mashahidi majina yao. Ni wangapi kati yetu huuliza kama bibi harusi bado yumo katika daftari la shule? Jawabu hupatikana kwa mkuu wa shule, mara nyingi umbali wa kutembea kutoka msikitini.

Na kwa binti aliyekwisha kupata mtoto, waraka wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu kurejea darasani. Mzazi amfikishe shuleni, aombe jina lirudishwe.