Soko huria la mahindi Rukwa: nani abebe lawama?

Mahindi yakikosa bei Ilemba, bondeni Rukwa, mazungumzo hayachelewi kurudi mwaka 1986. Huo ndio mwaka Tanzania ilipokubaliana na wakopeshaji wa Washington, shilingi ikashushwa thamani, na milango ya biashara binafsi ikazidi kufunguliwa. Kwa wakulima wengi wa makamo wa Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa, shida zao zilianzia hapo.

Mnunuzi mmoja wa mazao, aliyeingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na hakutaka jina lake litajwe, hakubaliani nao. Anasema wafanyabiashara wamegeuzwa jalala la lawama zote. Serikali ilipoacha kununua, ni wao walioteremsha malori bondeni, wakalipia wapakiaji, magunia na ushuru, wakabahatisha mvua isikate barabara ya ukingoni. Kinachomuuma zaidi ni mpaka. Mwaka 2011 mahindi yalizuiwa kwenda nje, mwaka 2017 yakazuiwa tena, na mara zote mbili alikuwa na mzigo ghalani alioununua kwa matumaini ya wateja wa Tunduma na ng'ambo yake. Anauliza: soko likiitwa huria, mbona uhuru unakoma bei inapopanda?

Kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, anajitetea kwamba umbali ndio unaoijaza. Utetezi huo hautoshi. Mkulima anayejaziwa debe la ziada bila malipo hakuuchagua umbali huo, na mizani ipo.

Ofisa mmoja anayefuatilia kilimo mkoani anajibu kwa tarakimu: shilingi bilioni 150 zilizotengwa kwa ruzuku ya mbolea mwaka 2022/23, baada ya vita ya Ukraine kupandisha bei duniani. Kwake, huo ni ushahidi kwamba mkulima hakutelekezwa. Fedha hizo ni nyingi, lakini ni hesabu ya taifa zima. Haisemi ni mifuko mingapi ilifika bondeni kabla ya msimu wa kupandia, na mbolea inayofika mahindi yakiwa kiunoni imeshapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Ruzuku ya zamani ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya bei ya mbolea. Ilipunguzwa hatua kwa hatua, ikaisha katikati ya miaka ya 1990. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshaondoka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyoanza miaka ya 1970 na kuifanya Rukwa, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, ghala la taifa. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Nauli ya umbali huo ilibebwa na shirika la umma. Bei ilipoachiwa, ikamwangukia mkulima.

Lakini wanaoisifu enzi hiyo husahau stakabadhi zilizokaa miezi bila kulipwa, na shirika lililozama kwenye madeni ya benki kabla ya mkopeshaji yeyote kutia saini. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na serikali yenyewe, si na Washington. Ruzuku ya unga wa sembe nayo iliondolewa mwaka 1984.

Warusi wana ubishi kama huu. Bei zilipoachiwa Januari 1992, zilipanda mara 26 ndani ya mwaka, akiba za watu zikayeyuka. Hadi leo wapo wanaowalaumu wanamageuzi, na wapo wanaosema hazina ilishakauka kabla yao.

Kwa Rukwa, naona lawama nzito zaidi ni ya wale waliomwachia mkulima gharama zote za soko, kisha wakabaki na ufunguo wa mpaka. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imepunguza machungu, na hifadhi ya taifa ya chakula bado hununua, ingawa si kwa wote wala si kwa wakati uleule kila mwaka. Msimu ujao unaweza kuwa mzuri iwapo Zambia na Kongo zitahitaji nafaka. Mnunuzi wetu anasema hatajaza ghala mpaka aone malori ya wenzake yamevuka.