Kaukau za mboga zamnyamazisha mzee wangu

Aliyewahi kukaa na mgonjwa aliyekatazwa chakula anajua ninachosema. Dawa atameza, sindano atachomwa, lakini mwambie leo hakuna chipsi uone atakavyokuja juu. Mimi wangu ni baba mzazi. Kipimo cha altrasaundi kilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, akapangiwa upasuaji miezi miwili mbele, na hadi siku hiyo daktari akaagiza apunguze sana mafuta.

Sasa mzee huyu tangu astaafu ana desturi yake. Jioni ikifika anakaa barazani na sahani ya chipsi kutoka kwa kijana wa pale kona, kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha. Tulipomkataza, alinuna siku nne nzima. Siku ya tano mjukuu wake wa darasa la tatu akanaswa mlangoni, kitu kimefutikwa chini ya shati, shati lenyewe limelowa mafuta. Kumbe ile ilikuwa safari ya pili! Mzigo wa kwanza babu alikuwa ameshaumaliza zamani. Saa nne usiku maumivu yakamshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani, akatapika, tukambeba kwenye bajaji anatetemeka.

Nyongo hutengenezwa na ini, kisha inasubiri kwenye kimfuko chake. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, kile kimfuko kinajikamua kuimwaga ikayasage. Jiwe likiziba njia wakati huo, ndiyo kelele zile za usiku. Na mafuta ya kaukau za dukani si mchezo: katika gramu 100, karibu theluthi moja ni mafuta.

Nilipomtazama vizuri mzee, niligundua kwamba hakuwa analilia mafuta. Uji alikunywa, samaki wa kuchemsha alikula, bila neno. Alichokosa ni kitu cha kutafuna kikalia mdomoni, barazani, jioni, watu wakipita wakimsalimia. Basi nikasema nitamtengenezea kaukau zake za kuoka.

Usiniambie huna oveni. Bibi zetu wameoka mikate kwa mkaa juu, mkaa chini, na kaukau zinakubali vilevile. Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu chini, pandisha juu yake sinia la bati ulilopanga vipande bila kulaliana. Mkaa wa chini uwe kidogo, wa juu ya mfuniko ndio mwingi. Kila baada ya dakika chache funua mvuke utoke, maana mvuke ukibaki ndani utapata mboga za kuchemsha. Mwenye oveni aweke nyuzi 150, ageuze mara mbili, na baada ya nusu saa asiondoke jikoni. Dakika tano za umbea kwa jirani zinatosha kuunguza kazi yote.

Siri ni kisu. Kata vyembamba kama sarafu, na vyote unene mmoja, la sivyo hiki kimeungua na kile bado kibichi. Karoti, boga, bitiruti na viazi vitamu vyote vinafaa, ila viazi vitamu vina sukari, vinawahi kuwa vyeusi. Viazi mviringo vikishakatwa viloweke kwenye maji nusu saa, kisha vikaushe kwa kitambaa. Magimbi yachemshe kwanza yaive ndipo ukate, kwani gimbi lisiloiva linawasha koo.

Mafuta ni kijiko kimoja cha chai kwa kilo nzima ya mboga, unapaka kwa mkono. Hapo mgonjwa anayekula robo ya mzigo anapata kama gramu moja tu. Kidogo hicho usikifute. Rangi ile ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Chumvi nyunyiza kwa ncha za vidole. Pilipili manga, kitunguu saumu na limau vitamalizia.

Zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri vinavyoungua ndivyo inavyozidi. Inashukiwa kuleta saratani. Cheusi tupa.

Jamani, mniwie radhi nitoe angalizo. Mwenye ugonjwa wa figo asikurupuke na kaukau hizi, zina potasiamu nyingi. Amuulize daktari wake kwanza. Wa kisukari naye ahesabu viazi vitamu na magimbi kama chakula cha wanga. Na wala haziyeyushi mawe. Kazi yake ni kumfikisha mzee kwenye upasuaji bila safari nyingine ya bajaji usiku. Wiki tano zimepita, hajashikwa tena.

Siku ya kwanza aliisukuma sahani. “Mama, hizi ndizo chipsi?” Nikaiacha palepale nikaenda kufua. Baadaye nikasikia kutoka barazani, kruu, kruu. Kesho yake alfajiri ananiita kwa hofu, anasema anakojoa damu. Ilikuwa bitiruti! Wengine hutokewa hivyo wakiila, haina neno, ila mwambie mgonjwa wako mapema.

Kilo ya karoti usitegemee ijaze ndoo. Karibu gramu 880 ni maji, utabaki na viganja vichache. Zikipoa kabisa zifungie kwenye kopo lenye mfuniko, na zikilegea zirudishe motoni dakika tano. Kopo langu mimi naliweka juu ya kabati, maana yule aliyekuwa akitumwa chipsi sasa anaiba za babu yake.