Utando Mwembamba na Swali Ambalo Fomu Haiulizi

Hii ni simu ya tatu kutufikia kwa habari ileile. Dada amemeza vidonge vya estrojeni wiki mbili, viinitete vyake vimegandishwa vinasubiri, na leo ultrasaundi imeonyesha utando wa kizazi una milimita 5.8. Upandikizaji umeahirishwa. Anauliza kama kizazi chake kimekufa.

Hakijafa. Kliniki nyingi hapa Uingereza hutaka utando ufike milimita 7 au 8 kabla ya kuanza projesteroni, maana chini ya hapo mimba hushika mara chache zaidi. Mara chache, siyo kamwe: wapo walioshika kwa 6. Mwongozo wa NICE, chombo kinachoishauri NHS, wenyewe unashauri kutopandikiza pale utando unapokuwa chini ya milimita 5.

Linalotuuma ni fomu ya kliniki, ile inayojazwa kabla ya matibabu. Inauliza: umewahi kufanyiwa upasuaji? Dada anaandika hapana, na kwa lugha yetu hajadanganya. Mimba ilipotoka, miaka sita iliyopita kule Mombasa, alisafishwa asubuhi na jioni alikuwa kwa mama yake anakunywa uji. Nani kati yetu huita kusafishwa upasuaji? Lakini kusafishwa kunaweza kuacha makovu, na penye kovu utando hauoti vizuri hata dozi ya estrojeni ikiongezwa. Kifua kikuu kikifika kwenye kizazi huacha makovu vilevile. Daktari akijua hayo mapema, huanza kwa kupitisha kamera nyembamba kwenye mlango wa kizazi, akatazama, na makovu akayakata. Asipojua, anapandisha dozi na miezi inakwenda. Mstari mmoja tu kwenye fomu ungetosha! Miaka yote hii wanawake wetu wanaijaza, na hakuna ofisini aliyeona haja ya kuuongeza.

Ukiahirishiwa, usikimbilie kulipia kukwaruzwa kizazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, wa wanawake zaidi ya 1,300, haukuona kwamba kunaongeza watoto wanaozaliwa.

Kabla ya kidonge cha kwanza, mwambie nesi kwa kinywa chako: nilisafishwa, mwaka fulani, mara ngapi, na kama hedhi ilipungua baada ya hapo. Hedhi iliyopungua ni dalili, itaje. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani wa hospitali, NHS haikutozi, usimpeleke jirani. Na kama mumeo hajui habari ya mimba ile, omba dakika chache na nesi peke yenu.