Ukoka Unapokutana na Barafu

Ukoka tunaoukanyaga uani, ule unaotambaa hata kwenye nyufa za saruji, ndio huohuo uliotandazwa kwenye viwanja vya gofu kusini mwa Marekani. Pale Tifton, jimbo la Georgia, mtafiti Glenn Burton aliuchanganya na nyasi za jamii yake kutoka Afrika Kusini, akapata aina zenye majani membamba zisizozaa mbegu, ambazo hadi leo hupandwa kwa vipando. Kwenye grini, yaani eneo laini lenye shimo, hukatwa hadi kubaki kimo cha milimita 3 hivi. Lakini ukoka ni mmea wa jua. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huacha kukua, na jalidi ikianguka uwanja mzima hugeuka rangi ya nyasi kavu.

Rangi hiyo isikutishe. Uhai wa ukoka hauko kwenye jani. Uko kwenye kiini, kile kinundu kidogo shina linapokutana na mizizi, na kwenye vitambazi vyake vya juu na vya chini ya udongo. Kipasue kiini kwa wembe: kilicho hai ni cheupe na kigumu, kilichokufa ni cha kahawia na ukikibonyeza kinatoa maji.

Maji ndiyo muuaji mkubwa. Mwishoni mwa majira ya baridi huja siku mbili tatu za jua, barafu ikayeyuka, kiini kikanywa kikashiba. Usiku wa tatu baridi kali inarudi ghafla. Maji yaliyo ndani yanaganda, yanatanuka na kupasua seli. Ndiyo maana mara nyingi doa lililokufa huwa na umbo la dimbwi: linafuata pale maji yalipotuama. Grini iliyokauka kupita kiasi nayo hufa, kwa sababu upepo wa baridi hunyonya unyevu wake na udongo ulioganda hauna cha kuirudishia.

Kwa hiyo kazi ya kuokoa nyasi hufanyika kabla baridi haijafika. Mifereji izibuliwe. Kuanzia Septemba kimo cha kukata kipandishwe kidogo, ili jani litengeneze akiba ya chakula. Potasiamu itoshe, naitrojeni ipunguzwe. Na kama ningepewa fedha za kufanya jambo moja tu, ningekata miti iliyo kusini na mashariki mwa grini. Huko jua la Desemba hupita chini sana, na mti usioziba kitu mwezi Juni hulaza kivuli chake juu ya grini kutwa nzima.

Turubai husaidia, ila ni kazi ya jasho: grini 18, kila moja karibu mita za mraba 500, na upepo unavuta kutoka upande wa pili. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kufunika utabiri ukifika nyuzi 4 chini ya sifuri. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Arkansas yameonyesha kwamba unaweza kusubiri baridi kali zaidi ya hiyo, na kwa mafundi hizo ni safari nyingi za kutandika na kukunja zilizookolewa.

Wakulima wa viazi wa Kinangop, nchini Kenya, wanaijua jalidi. Jani lililoganda ni kama kioo. Likikanyagwa linavunjika ndani kwa ndani, na baadaye nyayo hujichora nyeusi. Mchezaji akiambiwa asubiri jua liyeyushe jalidi, tafadhali asubiri.

Februari, chimba kipande cha nyasi chenye upana wa kikombe, pamoja na udongo wake, ukiweke dirishani katika chumba chenye joto. Baada ya wiki mbili kitakuwa kimechipua au hakijachipua. Kisipochipua, agiza vipando siku hiyohiyo, maana ikifika Mei kila uwanja uliopigwa na baridi utakuwa unavitafuta.