Korona Hupataje Sura Mpya?

Katika mafundisho ya afya tunayoyatoa kwa vikundi vya wanawake kanisani, swali moja halikosekani: "Dada nesi, mbona korona haiishi majina? Jana Delta, leo Omikroni, kesho herufi na tarakimu kama namba za gari. Je, kuna mtu anaitengeneza?" Swali hili ni la haki. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, lakini kirusi chenyewe hakikuondoka, na tangu hapo kimezaa aina nyingine nyingi. Tueleze basi jinsi jambo hili linavyotokea ndani ya mwili wa mtu.

Kirusi hakili, hakikui, wala hakizai peke yake. Kina maagizo tu, yaliyoandikwa kwa "herufi" zipatazo 30,000, yakafungwa ndani ya ganda lenye miiba. Kikiingia katika chembe hai ya pua au ya mapafu, huilazimisha chembe hiyo kunakili maagizo yale mara nyingi sana, na nakala hizo hutoka zikiwa virusi vipya.

Sasa mfikirieni mwanakwaya anayenakili wimbo mrefu kwenye daftari lake. Anaweza kukosea herufi hapa na pale. Kwa sehemu kubwa, makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyoleta Delta. Virusi vya korona vina njia ya kujisahihisha wakati wa kunakili, kwa hiyo havikosei ovyo kama virusi vya mafua makali.

Lakini iko njia ya pili, nayo ndiyo tunayotaka muielewe. Tuseme mezani yapo madaftari mawili yenye wimbo uleule, ila maneno yametofautiana kidogo. Mwanakwaya anaanza kunakili kutoka la kwanza, akifika ubeti wa tatu jicho linahamia kwenye la pili, naye anaendelea hadi mwisho bila kujua. Wimbo anaoondoka nao una mwanzo wa daftari hili na mwisho wa lile. Ndivyo inavyokuwa aina mbili za korona zinapoingia katika chembe moja ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Unakili huruka kutoka maagizo ya aina moja hadi ya nyingine, na kirusi mchanganyiko kinazaliwa. Hakuna mkono wa mtu hapo. Watafiti wa Marekani waliliona jambo hili katika virusi vya korona vya panya tangu mwaka 1985, wakati wengi wetu hata neno korona hatujalisikia.

Mara nyingi mchanganyiko huo haufiki mbali. Mapema mwaka 2022 huko Ufaransa kilipatikana kirusi chenye mwili wa Delta na miiba ya Omikroni. Magazeti yalitisha watu sana, lakini kirusi hicho hakikuenea, kikapotea. Kilichofanikiwa ni kingine, ambacho hakikupigiwa kelele hata nusu ya hizo. Nusu ya pili ya mwaka 2022 ilionekana huko Asia aina iliyopewa jina XBB. Herufi X mwanzoni maana yake ni mchanganyiko. Wazazi wake ni watoto wawili wa Omikroni, na daftari lilibadilishwa katikati ya sehemu inayounda miiba. Kwa kuwa kinga zetu huitambua korona hasa kwa miiba yake, XBB iliweza kuwapita hata watu waliokwisha kuugua au kuchanjwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 ilileta wimbi la wagonjwa Singapore, na mwanzoni mwa 2023 mtoto wake, XBB.1.5, akatawala Marekani. La kushukuru ni kwamba haikuonekana kuwa kali kuliko ndugu zake. Mwaka huohuo chanjo zilibadilishwa zilingane nayo.

Je, hayo yanamhusu vipi mama wa nyumbani? Yanamhusu kwa sababu mahali pa kunakilia ni mwili wa mgonjwa. Mtu mwenye kinga nzuri hukimaliza kirusi kwa siku chache. Mwenye kinga dhaifu anaweza kukaa nacho kwa miezi, kikiendelea kunakiliwa, na muda wote huo kirusi cha aina nyingine kinaweza kumkuta humo humo. Mwaka 2022 madaktari wa Afrika Kusini walieleza habari za mwanamke kijana aliyekuwa na virusi vya UKIMWI lakini hakuwa akimeza dawa sawasawa. Alikaa na korona kwa miezi tisa, nayo ikakusanya mabadiliko yasiyopungua 20 ndani yake. Aliposaidiwa kurudia dawa zake vizuri, korona ilitoweka katika muda wa wiki sita hadi tisa.

Tusiisome habari hii kwa kunyoosheana vidole. Anayemeza dawa zake kila siku kinga yake hupata nguvu tena. Tatizo ni yule anayezificha dawa ndani ya debe la unga mume asione, anayeziruka akiwa na wageni, au aliyeziacha baada ya kuambiwa kwamba kuendelea kuzimeza ni kukosa imani. Hilo la mwisho linatuuma, maana tumelisikia likisemwa katika maombi. Sisi tunaomba, na dawa tunawapa. Kama katika kikundi chenu yuko dada wa namna hiyo, mmoja wenu anayeaminika amfuate faraghani, asitangazwe kanisani, amsindikize hadi kliniki.

Nyumbani, mwenye kikohozi na homa alale chumba chenye dirisha wazi, na bibi au mtu anayetibiwa saratani asimuuguze. Akianza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi au akachanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mama anayenyonyesha akiugua korona asimwachishe mtoto ziwa. Anawe mikono kwa sabuni, afunike pua na mdomo kwa barakoa, aendelee kunyonyesha.